Rachel Carson: Mwanasayansi Aliyefichwa Majibu Yake Mwenyewe

Yeyote aliyesoma kozi ya elimu ya mazingira hapa chuoni ana desa lenye jina la Rachel Carson. Kwenye desa langu amepewa mistari miwili tu: mwanabiolojia wa Marekani, mwandishi wa Silent Spring, 1962, kitabu kilichoamsha dunia kuhusu madhara ya dawa za kuulia wadudu. Tunakariri, tunajaza kwenye mtihani, tunapata alama zetu mbili, maisha yanaendelea. Mimi pia nilifanya hivyo mwaka wa pili na wala sikuona tatizo.

Mwaka huu, kwa sababu ya jambo lililotokea nyumbani ambalo nitalieleza mbele, nikamsoma upya huyu mama. Ndipo nikagundua desa limeruka jambo kubwa. Kitabu kile Carson alikiandika akiwa na saratani ya titi. Na kwa miezi minane ya kazi hiyo hakujua kwamba anayo, wakati daktari aliyempasua alijua.

Tuanze mwanzo. Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Allegheny. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watatu. Mama yake, Maria, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na ualimu wake wote akaumalizia kwa huyu binti: kumtembeza porini, kumwonyesha ndege na wadudu, kumsomea vitabu. Hela nyumbani ilikuwa ya shida. Akiwa na miaka 11 hadithi yake ya kwanza ilichapishwa kwenye jarida la watoto, na tangu hapo akajiona ni mwandishi.

Mwaka 1925 akaingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh kusoma lugha na fasihi. Sisi tunaosomea ualimu tupende hapa: akakutana na mwalimu mmoja wa biolojia, Mary Scott Skinker, na mwalimu huyo akamgeuza kabisa. Carson akabadilisha masomo, akahamia biolojia, wakati ambao watu waliona mwanamke mwanasayansi hana pa kwenda. Na msidhani alikuwa na boom. Alimaliza mwaka 1929 akiwa na heshima za juu za masomo na deni la ada, ikabidi viwanja vya familia viwekwe dhamana chuoni.

Majira yale ya joto akaenda Woods Hole, kituo cha utafiti wa viumbe vya baharini, na huko ndiko alikoiona bahari kwa mara ya kwanza. Mtu ambaye baadaye angeiandika bahari kuliko wengi wa zama zake aliiona akiwa na miaka 22, umri wangu huu. Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, akapata shahada ya pili ya zoolojia mwaka 1932. Alitaka kuendelea na udaktari wa falsafa, lakini familia nzima ilikuwa inamtegemea, na mwaka 1934 akaacha. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Akapata kibarua cha kuandika vipindi vya redio kuhusu samaki kwa idara ya uvuvi ya serikali, na mwaka 1936 akaajiriwa rasmi, mwanamke wa pili kupata kazi ya kitaalamu ya kudumu katika idara ile.

Mwaka 1937 dada yake akafariki na kuacha mabinti wawili. Carson na mama yake wakawachukua. Hakuwahi kuolewa wala kuzaa, ila nyumba yake haikuwahi kukosa watu wa kulishwa. Mchana yuko ofisini, usiku anaandika. Kitabu cha kwanza, 1941, hakikuuzika. Cha pili, The Sea Around Us cha mwaka 1951, kilikaa wiki 86 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa sana ya gazeti la New York Times. Kwa hela hiyo akaacha kazi ya serikali mwaka 1952 na kuwa mwandishi kamili. Mwaka 1957 mmoja wa wale mabinti wa dada yake naye akafariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitano anayeitwa Roger. Carson, karibu miaka 50, akamchukua akawa mama yake.

Mwanzoni mwa mwaka 1958 rafiki yake wa jimbo la Massachusetts alimwandikia kuhusu ndege waliokufa baada ya ndege za serikali kunyunyiza DDT ili kuua mbu. Carson akaanza kuchimba. Akakuta mambo mengi ambayo wataalamu waliyajua na wananchi hawakuambiwa. Wazo kubwa la kitabu chake, ukiondoa takwimu zote, ni hili: anayebeba hatari ana haki ya kuijua, na bila kuijua hawezi kuamua kama aikubali au aikatae. Hakusema dawa zote zipigwe marufuku. Alisema watu waambiwe.

Sasa tuje kwenye titi.

Mwaka 1950 alikuwa ametolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, akaambiwa hakuna cha kutisha. Masika ya mwaka 1960, kitabu kikiwa kimefika katikati, vikaonekana vivimbe viwili kwenye titi lilelile. Mwezi wa nne akapasuliwa. Upasuaji aliofanyiwa ulikuwa ule mkubwa kuliko wote wa titi uliozoeleka siku hizo, na hapa inabidi tusimame kidogo tuelewe ulitoka wapi.

Mwishoni mwa karne ya 19, daktari mpasuaji William Halsted, huko huko Johns Hopkins ambako Carson alisoma, aliamini kwamba saratani ya titi husambaa taratibu kama doa la mafuta kwenye nguo: inaanza kwenye titi, inaingia misuli iliyo chini yake, inafika tezi za kwapani, ndipo inaenda mbali. Kama ni hivyo, ukikata eneo pana la kutosha utaipata yote. Kwa hiyo alikuwa anaondoa titi zima, misuli ya kifua na tezi zote za kwapani kwa mkupuo mmoja. Alitangaza matokeo yake mwaka 1894, na kwa zaidi ya miaka 70 madaktari wa Marekani waliufuata utaratibu huo karibu kama amri. Mwanamke alipona kidonda, lakini alibaki na kifua kilichobonyea, mkono ukawa dhaifu na mara nyingi ukavimba.

Kulikuwa na desturi nyingine juu yake. Mgonjwa alilazwa usingizi kabla haijajulikana kama uvimbe ni saratani. Daktari anachukua kinyama, kinapimwa palepale, na kikionekana kibaya titi linaondolewa hapo hapo mgonjwa akiwa bado amelala. Mwanamke aliingia chumba cha upasuaji bila kujua ataamka na titi au bila titi. Uamuzi ulifanyika, ila mwenye mwili hakuwepo.

Baada ya upasuaji Carson aliuliza waziwazi. Kumbukeni huyu si mtu wa kudanganywa kirahisi: ana shahada ya pili ya zoolojia, na wakati huohuo alikuwa anasoma tafiti za saratani kwa ajili ya kitabu chake. Daktari akamjibu kwamba hali ilikuwa mpakani tu, ikikaribia saratani lakini haijafika, na hakuna tiba nyingine inayohitajika. Akarudi kwenye meza yake ya kuandika. Ukweli ni kwamba ilikuwa saratani kamili, na ilikuwa imeshaingia kwenye tezi.

Tusimchukulie daktari yule kama shetani. Ndivyo ilivyokuwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1961 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani ulionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya madaktari waliohojiwa walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Waliona ni huruma. Mara nyingi aliyeambiwa alikuwa mume. Carson hakuwa na mume, kwa hiyo nyumbani kwake hakuna aliyeambiwa kabisa.

Mwezi wa kumi na moja akahisi kitu kigumu kwenye mbavu, upande uleule. Safari hii hakumrudia daktari wa kwanza. Alimwandikia George Crile, mpasuaji wa Cleveland aliyekuwa anafahamiana naye. Crile alikuwa na sifa mbili ambazo wenzake hawakuzipenda: alikuwa anapinga waziwazi upasuaji ule mkubwa, akisema kwa wagonjwa wengi hauna faida ya ziada, na aliamini mgonjwa aambiwe ukweli. Desemba 1960 Carson akasafiri kwenda Cleveland. Crile akapitia kumbukumbu zote, kisha akamweleza kila kitu: ugonjwa ni nini, ulikuwa nini tangu mwezi wa nne, umefika wapi, na njia zipi zimebaki. Carson baadaye alimshukuru kwa kumheshimu kiasi cha kumwamini kuwa ana akili na uthabiti wa kuupokea ukweli.

Hapo ndipo alipoanza kuamua mwenyewe. Akakubali mionzi. Akapanga kazi yake kulingana na muda aliodhani anao. Mwaka 1961 mwili ulimgomea kila upande: viungo vya miguu vikavimba hadi kwa muda hakuweza kutembea, kisha macho yakaugua hivi kwamba ikabidi asomewe rasimu yake mwenyewe na msaidizi. Akaendelea. Na akaamua jambo la pili: ugonjwa wake usijulikane nje ya marafiki wachache. Alijua kampuni za kemikali zikisikia zitasema huyu ni mgonjwa mwenye uchungu anayetafuta wa kumlaumu. Ndani ya kitabu kuna sura nzima kuhusu saratani, lakini saratani yake mwenyewe hutaikuta humo.

Mtu anaweza kuniuliza: sasa kuna tofauti gani, si naye alificha? Tofauti ipo. Siri ilikuwa yake. Alijua, akapima, akachagua nani aambiwe. Daktari wa kwanza alimnyang'anya hata hiyo nafasi ya kuchagua.

Silent Spring ilianza kutoka kwenye jarida la The New Yorker mwezi wa sita 1962, na kitabu kikatoka mwezi wa tisa. Makampuni yakamshambulia kwa kila neno: mara ni mwanamke mwenye jazba, mara mkomunisti. Mei 1963 kamati ya sayansi ya Rais Kennedy ikatoa ripoti iliyokubaliana naye kwa mengi. Juni 1963 akatoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti, amevaa wigi, saratani imeshafika kwenye mifupa, na waliomsikiliza hawakujua. Alifariki nyumbani kwake Silver Spring, Maryland, tarehe 14 Aprili 1964, akiwa na miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi mengi ya DDT mwaka 1972.

Na ule upasuaji wa Halsted? Huo nao ulikuja kuanguka, ingawa Carson hakuuona ukianguka. Daktari Bernard Fisher wa Pittsburgh, mji uleule Carson alikosoma, alikuwa na wazo tofauti: kwamba seli za saratani zinaweza kusafiri kwa damu mapema sana, kwa hiyo kukata eneo pana zaidi hakuzifikii. Badala ya kubishana alifanya majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1985 matokeo yakaonyesha kwamba kwa saratani iliyowahiwa, mwanamke aliyeondolewa uvimbe tu kisha akapigwa mionzi aliishi muda sawa na aliyeondolewa titi zima. Kabla ya hapo, mwandishi wa habari Rose Kushner alikuwa amepata uvimbe mwaka 1974 na kukataa katakata kulazwa usingizi bila kujua ataamka vipi. Alitaka kinyama kichukuliwe kwanza, aambiwe majibu, halafu aamue. Madaktari wengi walimkatalia kabla hajapata wa kumkubalia. Mwaka 1979 jopo la wataalamu la taasisi ya afya ya Marekani, ambalo Kushner alikuwa mjumbe wake, likapendekeza hivyohivyo: kupima iwe hatua moja, kupasua iwe nyingine. Na mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulikuta asilimia 97 ya madaktari wanapendelea kumwambia mgonjwa ukweli.

Kwa hiyo leo kuna kuchagua. Kuondoa uvimbe pamoja na mionzi, au kuondoa titi lote. Tibakemikali kabla ya kisu au baada yake. Tezi chache za kupimwa au zote. Na kuchagua si suala la sayansi peke yake. Kwetu Tanzania ukichagua kubaki na titi ujue lazima upate mionzi, na mashine za mionzi hazipo kila mkoa. Wengi watalazimika kusafiri, kwa mfano kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, na kukaa huko wiki kadhaa. Mwanamke wa kijijini anaweza kuchagua titi liondoke kwa sababu hana pa kufikia mjini, au hana wa kumwachia watoto. Huo ni uamuzi halali kabisa. Ila awe ameufanya yeye.

Sasa lile jambo la nyumbani. Mwaka jana mama yangu mkubwa aliondolewa titi. Majibu ya kinyama yalitoka wiki tatu baadaye, nikiwa likizo. Walioitwa ndani ni baba mkubwa na mjomba. Wakatoka na karatasi ya Kiingereza, wakanipa mimi nisome, si ndiye msomi wa familia? Nikasoma, nikawatafsiria pale kwenye benchi. Wakakubaliana asiambiwe, presha isije ikampanda. Na mimi nikaagizwa nimwambie kwamba karatasi inasema ni uvimbe wa kawaida. Nilienda nikamwambia. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyeijua lugha ya ile karatasi.

Tarehe ya kurudi kliniki kuanza dawa ilipofika hakwenda. Wala hakuwa mzembe. Mpunga ulikuwa umekomaa, na kama uvimbe ni wa kawaida na umeshatolewa, nani aache mpunga uliwe na ndege kwa ajili ya nauli ya bure? Kwa taarifa aliyokuwa nayo aliamua vizuri tu. Taarifa ndiyo ilikuwa ya uongo, na mbebaji wake nilikuwa mimi. Ilipita miezi miwili.

Nilipofika kwenye ile miezi minane ya Carson, nilifunga kitabu. Wikiendi iliyofuata nikapanda basi. Nilimkuta anapepeta mchele, nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamwambia. Aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akaniuliza maswali matatu: nani wengine wanajua, kama siku ile nilikuwa najua, na dawa zinachukua mizunguko mingapi. La kwanza na la pili nilijibu. La tatu nikamwambia tumuulize daktari pamoja. Jumatatu tukaenda.

Kuhusu hali yake ya sasa sitasema, hiyo ni yake. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, akakubali kwa masharti kwamba nisimtaje jina wala kijiji, na kwamba nisimseme vibaya baba mkubwa. Baba mkubwa hakuwa na nia mbaya. Hata daktari wa Carson hakuwa nayo.

Ninaowaandikia ni nyinyi wanachuo wenzangu. Wengi wetu hatutakuwa madaktari. Lakini karibu kila mmoja wetu, kwao, ndiye atakayepewa karatasi ile asome. Utakuwa umekaa kwenye benchi la hospitali, wazee wamekuzunguka, na mgonjwa yuko chumba cha pili anasubiri. Ukishaielewa, inuka uende kwake kwanza.